Bodi ya Dunguni

Mke wangu anafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Ikwiriri. Mwaka juzi aliagiza kutoka Dar kompyuta ya bodi moja, ndogo kama kiberiti, haina kioo wala vitufe. Ilikuja kwa basi, ndani ya boksi la biskuti. Akaniambia walioitengeneza wameweka michoro yake yote mtandaoni, mtu yeyote aisome, aige, hata airekebishe. Mimi nauza ufuta; sikuelewa mtu anawezaje kugawa bure siri ya bidhaa yake.

Alitaka ipime kina cha maji ya mto kwenye shamba letu la mpunga kule Chumbi. Mto wetu huweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, huku kwetu jua linawaka. Aliifunga kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunamokaa kuamia ndege. Sola ikakaa juu ya paa, waya wa kipimo ukashuka hadi majini. Mto ukipanda, tungepata ujumbe kwenye simu.

Haikumaliza wiki, ikazima.

"Tununue nyingine," nikamwambia.

"Subiri kwanza, mume wangu. Nijue imekufa kwa nini."

Aliirudisha nyumbani, akakaa nayo barazani kwenye mkeka, mama yangu pembeni anapepeta mchele. Akafungua mchoro kwenye laptopu, akawa anafuata njia za umeme kwenye bodi kwa kipima umeme chake, moja baada ya nyingine, mpaka akasimama mahali.

"Ni hiki kifaa tu. Kazi yake kupunguza nguvu ya umeme unaoingia. Sola imekizidi."

Kilikuwa kidogo kama punje ya ufuta. Fundi simu wa sokoni alikuwa na kingine kama hicho kwenye mabaki yake. Mke wangu akakichomelea mwenyewe, mkono umetulia, na taa ya kijani ikawaka. Mama akaweka ungo chini.

"Kumbe na hivi vinatibika," alisema.

Tuliirudisha dunguni, safari hii na sola ndogo zaidi. Wakati wa mavuno, asubuhi moja yenye jua kali, ujumbe ukaingia nikiwa dukani. Nilisita. Mke wangu hakusita. Nilipompigia, alikwishawaambia majirani wa shamba. Tulibeba mpunga uliovunwa hadi mwinuko wa barabarani. Alasiri maji yalifunika mashamba. Mpunga uliokuwa bado umesimama ulipotea, wetu na wa wenzetu, ila ule tuliobeba tuliula mwaka mzima.

Baadaye alichora upya sehemu ile iliyoungua, akaweka kinga, akawatumia walioitengeneza bodi. Mtu asiyemfahamu, wa nchi nyingine, akamjibu kwa shukrani, na toleo lililofuata likatoka na kinga yake.

Alinionyesha mchoro huo mpya. "Hapa," akasema, akaweka kidole. Kwangu ilikuwa mistari tu, lakini niliitazama kwa muda mrefu.