Ili Nilipiwe Chumba, Dada Yangu Aseme Mimi Si Nduguye

(Aliyeandika barua hii tunamjua sisi peke yetu ukurasani. Jina lake tumeliweka kando kwa ombi lake. Msomeni kwa utulivu, kisha mwandikieni.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, fundi cherehani, sina mke. Naishi Kariakoo kwa dada yangu mkubwa. Mama yetu alifariki Lindi nikiwa na miaka minne, na dada, msichana wa miaka kumi na sita wakati huo, ndiye aliyenilea. Alipoolewa mjini alimwambia mumewe kuwa anakuja na mtoto, na mtoto ndiye mimi. Sasa ana watoto wake watatu. Wana vyumba viwili katika nyumba ya kupanga, na cha pili ndicho ninacholala mimi na watoto, wao kitandani, mimi mkekani.

Nilianza kukohoa mwezi wa mfungo uliopita. Nikasema ni vumbi la vitambaa. Nikanywa tangawizi, nikanywa na dawa ya mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani ambayo hadi leo sijui ilikuwa kitu gani. Siku niliyotema damu juu ya suruali ya mteja ndipo nilipokwenda hospitali, wakakuta kifua kikuu. Nimechomwa sindano mpaka nikashindwa kukaa, na sasa niko kwenye vidonge. Daktari anasema nitapona nisipoacha dawa, ila makohozi yangu bado si safi. Akaniuliza nalala na nani. Nilipomjibu, aliweka kalamu chini akasema nihame nipate chumba changu chenye hewa, la sivyo mmoja wa watoto wale atafuata.

Nihame kwa kitu gani? Mwenye duka niliyekuwa nashonea barazani kwake alinipa pole na kunitaka niondoke, vyote siku moja. Cherehani nimeiuza na tumeshaila. Chumba nimekiona, ng'ambo ya pantoni, Kigamboni, kwa bibi mmoja ambaye hajali kikohozi changu mradi kodi ipatikane. Kina madirisha mawili.

Mgonjwa mwenzangu akanielekeza ofisi ya ustawi wa jamii, kwamba wagonjwa kama sisi huweza kulipiwa kodi mpaka wapate nguvu. Nikaenda. Mzee aliyenitangulia aliambiwa kwamba maadamu ana mtoto wa kaka yake Temeke, aende kwa huyo, msaada ni wa wasio na mtu. Mzee akaokota kofia yake akatoka. Zamu yangu ilipofika, mama wa ustawi, mpole kabisa, akaniuliza kama nina ndugu hapa mjini. Nikasema sina. Neno lilinitoka kirahisi na nikajiona mjanja kweli. Akaandika, akanipa fomu ikathibitishwe na balozi wetu wa nyumba kumi, akasema siku yoyote mwezi ujao atafika mwenyewe nyumbani kuuliza habari zangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Balozi wetu wa nyumba kumi ni shemeji yangu, mume wa dada.

Shemeji ni mtu wa haki mpaka anakera. Sukari ikifika duka la ushirika, mkewe hupanga foleni kama wengine. Aliisoma fomu mara mbili, nikajua atanifukuza nayo. Badala yake aliinamisha kichwa, akaniambia amekuwa akitamani nihame tangu siku ya damu, ila aliona haya kulisema yeye, maana mdogo wa watoto huteremka kitandani kila siku akaja kulala nami mkekani. Kwa ajili ya watoto yuko tayari kuandika kwamba mimi ni mpangaji tu. Lakini atakayeulizwa mlangoni ni dada, kwani yeye mchana yuko kazini. Kwa hiyo nikazungumze na dada.

Dada yangu amekataa kunitengea kikombe. Bado ananilisha sinia moja naye, nami huona aibu na raha kwa pamoja. Nilipomweleza alikuwa anachambua mchele, na hakuacha. Akasema watoto watalala ukumbini, nikamkumbusha ukumbi ni wa wapangaji wote. Nikamwambia ni maneno tu ya siku moja, yakishapita yamepita.

"Maneno tu," akasema. "Nimekubeba mgongoni, leo nisimame mbele ya mtu wa serikali, majirani wanasikia, niseme wewe ni mpangaji. Haya, nitasema. Na ukifa huko Kigamboni, nikienda kuitaka maiti yako, nijitambulishe kama nani?"

Hakupandisha sauti. Nilitoka nikakaa uani, nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Wiki hii mdogo wao ameanza kukohoa. Dada anasema ni mafua, nami namwomba Mungu yawe mafua kweli. Shemeji fomu ameijaza tayari na iko juu ya kabati. Nikirudi ofisini kusema kweli, nitajibiwa kama yule mzee, nirudi kwa dada, yaani mkekani, pembeni ya watoto. Nikinyamaza, mtu pekee aliyebaki wa mama yangu atanikana mbele ya watu kwa ombi langu mwenyewe.

Jana dada alinitengea chai akaniambia amechoka kufikiri. Nitakalomwambia ajibu, atajibu hilohilo, wala hatanilaumu. Afadhali angenilaumu. Ndugu zangu, mama wa ustawi atabisha hodi siku yoyote na kumwuliza mimi ni nani wake. Nipeni shauri, nimwambie dada ajibu nini?