Treni ya Mianzi na Zamu ya Maji

Siku moja ya kiangazi naikumbuka hadi leo, mwanangu, na wewe ndiye uliyeniamshia kumbukumbu hiyo. Umepanda huku Suji mlimani kwa likizo, umekuta treni yangu ndogo imo sandukuni, ukaniuliza, "Bibi, mbona umefungasha treni wakati ndio kuna jua zuri?" Kuuliza si ujinga. Sogeza hilo kapu ukae. Jibu langu ni refu, na ukinikatiza naanza upya.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Treni niliiona mara ya kwanza Same mjini, nilipoteremka na mama kupeleka ndizi sokoni. Watu walitazama abiria, mimi nikatazama magurudumu. Chuma juu ya chuma, mbona hakitelezi? Na mbona reli haipandi mlima moja kwa moja kama njia yetu ya miguu? Nilirudi na maswali hayo, nikaanza kuunda treni yangu. Mabehewa yalikuwa makopo, reli ilikuwa mianzi iliyopasuliwa. Magurudumu alinipa fundi cherehani: vile vibao vya mviringo vinavyobaki uzi ukiisha, vyenye kingo pande zote mbili. Vilikalia mwanzi vizuri, utadhani viliumbwa kwa kazi hiyo. Wenzangu walicheka, eti msichana na treni wapi na wapi. Niliwaacha, mdomo ni mali ya mwenyewe.

Shida ilikuwa mteremko. Nikitandika reli uani, treni haiendi. Nikitandika kwenye njia ya kushukia, inakimbia mpaka inarukia migombani. Nilihangaika wiki mbili nzima. Halafu siku hiyo ninayokusimulia nikakaa kando ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia unaoshuka kutoka kwenye ndiva, bwawa letu la kijiji. Haukuwa na maji, kwa hiyo niliona umbo lake lote. Unateremka lakini hauna haraka. Unazunguka kila bonde, unashuka kidogo kidogo. Waliouchimba hawakuwa na kifaa cha kupimia, ila walijua jambo lilelile wanalolijua wajenzi wa reli. Nilifurahi nikacheka peke yangu kama mwehu.

Basi nikachukua nyundo. Nikapigilia vigingi kwenye ukingo wa mfongo, kimoja baada ya kingine, mpaka reli ikafika karibu na shamba la jirani yetu, Mama Nakundwa. Treni ikashuka taratibu bila kuanguka hata mara moja. Sijawahi kuringa kama siku ile.

Na mimi, mwenye maswali yote yale, sikujiuliza kwa nini mfongo ulikuwa mkavu. Ulikuwa mkavu kwa sababu ndiva ilikuwa inajazwa kwa ajili ya zamu ya kesho yake. Zamu hiyo ilikuwa ya Mama Nakundwa, naye ni mjane. Maharage yake yalikuwa yametoa maua. Zamu ikikupita unangoja siku nane, na maharage yenye maua hayajui kungoja.

Asubuhi ndiva ikafunguliwa. Maji yakaja, yakakuta vigingi vyangu vimeutia ukingo nyufa, yakapenya, ukingo ukamomonyoka. Karibu yote yakaishia korongoni. Wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi siku ile niliyaona yakimwagika kwa macho yangu. Mama Nakundwa alisimama na jembe lake mkononi, akiyatazama.

Baragumu likapigwa, watu wakaja kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ili kuziba ukingo. Aliyewaongoza ni Mzee Elieza, msimamizi wa mfongo. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba, kisha akachuchumaa akaitazama reli yangu muda mrefu. Nilidhani ataipiga teke.

"Nani kakufundisha mteremko huu?" akauliza.

"Mfongo wenyewe, babu."

"Mwendo wake umeusoma vizuri," akasema. "Majira yake hukuyasoma. Kiangazi mfongo una wenyewe."

Kisha akatoa hukumu iliyokuwepo tangu zamani: aliyepoteza zamu ya mwenzake anatoa ya kwao. Zamu yetu ilikuwa siku iliyofuata, nayo akapewa Mama Nakundwa. Niling'oa vigingi mwenyewe, nikaziba kila tundu kwa udongo huku watu wananitazama. Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga, ningepona mapema. Kila asubuhi alikwenda kuyaona mahindi yetu yanavyojikunja kwa kiu, akarudi akaendelea na kazi zake bila kuniangalia. Mwaka ule tulivuna kidogo sana, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Treni nikaitia sandukuni, nikaapa sitaigusa tena. Vuli ikaingia, mvua zikashika, mfongo ukapumzika. Siku moja Mzee Elieza akaja kwetu amebeba mzigo wa mianzi begani. "Sasa maji hayana ugomvi na mtu," akasema. "Tandika juu ya mawe, usitoboe ukingo. Nataka nione inavyokwenda." Kumbe mzee mzima naye hamu ya kuiona ilikuwa inamwasha tangu siku ile.

Tukatandika siku ya jua, kutoka kwa Mama Nakundwa kushuka mpaka uani kwetu. Mama Nakundwa akayatazama mabehewa, akaingia ndani, akarudi na maharage yake mapya akayajaza makopo yote. "Mpelekee mama yako," akasema. Treni ikashuka pole pole. Mwisho wa reli mama alikuwa ameinama, katandaza kanga. Akayapokea, akaninyanyulia uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Nililia, sikufichi.

Tangu hapo treni yangu inafuata majira. Masika nakaa ndani nachonga mabehewa. Ikija baridi ya Juni natandika reli juu ya mawe. Kiangazi kikikaza, maji yakianza kugombewa, inaingia sandukuni mpaka vuli, hata jua liwe zuri namna gani. Na hiyo treni ya betri uliyokuja nayo italala humohumo.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Ukikipenda kitu, uliza kinavyokwenda, uliza mpaka watu wakuchoke. Lakini kabla hujapigilia kigingi, uliza pia huu ni msimu wa nani. Kitu chako kizuri kikimkausha jirani, bado hakijawa kizuri.

Mungu akujalie maswali yasiyokwisha. Akujalie wazee wa kukukanya bila kukivunja ulichokiunda, na mama wa kukungoja mwisho wa reli. Sasa chukua jembe. Kesho ni zamu ya maji ya jirani yetu, na ukingo haujakaguliwa.