Pua ya Basi

Pale gereji walimwita Povu, wakidhani wanamtania. Jina lilitokana na ndoo yake ya maji ya sabuni: kila kiungio cha paipu alikipaka kwa brashi, kisha akakodoa macho aone kama povu litatutumka. Kifaa cha kisasa cha kupimia gesi alikuwa nacho pia, kinaning'inia shingoni. Alitumia vyote viwili kwa sababu hakumwamini mtu, sembuse kifaa. Jina lilimfaa hata kwa mdomo wake, maana akikasirika hakuwa na breki.

Na cha kumkasirisha hakikukosekana. Yeye alianzia kwenye injini za dizeli. Dizeli ikivuja ina adabu zake: inadondoka, inanuka, inakuchafulia nguo. Lakini mabasi haya mapya yalichoma haidrojeni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na ikiwaka mchana moto wake huuoni mpaka ukuunguze. Tena ni nyepesi ajabu. Ikipata upenyo inapanda na kujikusanya chini ya kifuniko cha injini, ikisubiri cheche. Ndiyo maana pale juu kila basi lilifungwa kihisi, ambacho mafundi walikiita pua. Pua ikinusa gesi, king'ora kinalia na injini inazimika papo hapo, basi liwe popote.

Hapo sasa. Basi likizima njiani, abiria wanamtukana dereva, mama yake na ukoo mzima. Akirudi gereji, haulizwi gesi imevujia wapi. Msimamizi anamsimamisha mbele ya wenzake na kumuuliza kwa nini ameharibu ratiba! Povu alilipinga jambo hilo mpaka koo likamkauka. Ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Mmoja wa madereva hao alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Povu mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Basi la kijana lilisifiwa kuliko yote kwa kuwa halizimi, na msimamizi alilitolea mfano kila siku. Asubuhi moja, kabla ya safari ya kwanza, Povu akajiuliza: hili limekuwa malaika tangu lini? Barabara ni zile zile za mashimo, nati zinalegea kila basi, iweje hili tu lisilegee?

Akafungua kifuniko cha nyuma, akapulizia pua gesi kidogo ya kujaribia. Kimya. Akapuliza tena. Kimya. Akaingiza mkono, akagusa nailoni. Pua ilikuwa imevishwa mfuko na kuzungushiwa tepu, kwa ufundi, hata pembe zimekunjwa. Akafungulia gesi kwenye paipu na kupaka sabuni karibu na nozeli, mdomo wa kupulizia gesi kwenye injini. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

"Wewe! Hebu njoo hapa!"

Mdogo wake akaja akiangalia viatu vyake. "Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi! Hii nini?"

"Inasumbua, dada. Kila tuta inalia."

"Inalia kwa sababu gesi inavuja, mjinga wewe! Viti vya nyuma wanakaa watoto wa shule. Na wewe uko humo humo ndani. Ulitaka nije nikuzoe kwa beleshi?"

"Si mimi peke yangu. Wengi tumeziba." Akanong'ona. "Tepu tumepewa."

"Na nani?"

Macho yalimtoroka kuelekea mlango wa ofisi, ambako msimamizi alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Bwana yule akaja taratibu, akitabasamu.

"Fundi, toa hiyo tepu, kaza nati, yaishe. Huyu ni damu yako. Habari ikifika juu, atakayefukuzwa ni yeye. Mimi sitafukuzwa."

Na alikuwa anasema kweli, ndicho kilichomchoma Povu kuliko yote. Angeweza kukaza nati moja, akamnusuru ndugu yake, na mabasi mengine yangetoka yakiwa yamezibwa pua. Alimtazama mdogo wake, kisha akapiga simu kwa wakaguzi wa usalama, pale pale, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. Akapita basi hadi basi akibandua tepu na kufungulia gesi. Ving'ora vikaanza kulia, hapa kimoja, kule kingine. Abiria getini wakamzomea.

"We mama, tutachelewa kazini!"

"Chelewa, baba! Mradi ufike!"

Wakaguzi walikuja, mabasi yakasimamishwa. Halafu wenye kampuni wakakaa kikao chao cha haki. Msimamizi alisema tepu ilikuwa ya kubandikia matangazo, hajui ilifikaje kwenye injini. Povu alisema aliyoyasikia, akaambiwa anamtetea nduguye. Madereva walioziba pua wakafukuzwa wote. Aliyewapa tepu akahamishiwa makao makuu, kwenye kiti cha kuzunguka. Kwa hasira Povu aliirusha brashi yake ukutani hadi mpini ukavunjika.

Jumapili alikwenda kwa mama yao. Alipoingia tu, mdogo wake alibeba sahani yake akaenda kula uani, bila salamu. Mtoto aliyembeba mgongoni, akamfundisha hata kufunga vifungo vya shati!

"Umemponza mwenzio," mama alisema. "Kazi umempa mwenyewe, ukamnyang'anya mwenyewe. Unaona alivyokununia?"

Povu alivuta kiti, akaketi.

"Mwache aninunie, mama," alisema, kwa sauti ya kumfikia aliyekuwa uani. "Maiti hanuni."