Siku Mama Alipoitikia Karibu ya Kisiwani

Enzi zetu, sisi watoto wa wahamiaji tuliokulia East Side ya Buffalo, Amerika, tukivaa viatu vya theluji vya kurithishana, likizo haikuwa kitu cha kupigia picha. Likizo ilikuwa gari moja kubwa la kuazima, watu wamebanana, na sombe iliyofungwa ndani ya ndoo ya aiskrimu. Nawaandikia ninyi mnaoijua ile ndoo: mliifungua mate yakiwatoka, mkakuta majani ya muhogo. Watoto wa leo wakisafiri, kila mmoja ana skrini yake na masikio ameyaziba. Sisi tulihesabu malori mekundu barabarani, na aliyekosea hesabu alipigwa kikofi cha kisogoni.

Nilikuwa na miaka kumi tulipokwenda kisiwani. Wazo lilikuwa la Mjomba Safari, mdogo wake Mama, aliyekuwa akifanya kazi ghalani kule Columbus. Alikuwa ameona tangazo la meli ya watalii, na tangu hapo hakuzungumza jambo lingine. Basi tukatoka Buffalo, tukamchukua Mjomba kwake Linden, hukohuko Columbus, tukashuka Louisville kumchukua Mama Mdogo Furaha na wanawe watatu, kisha tukaelekea kusini siku nzima hadi bandarini, mikate ya kukaanga ikipita mkono hadi mkono. Baba alibaki, kiwanda hakikumpa ruhusa. Mpaka leo nikinusa viti vya gari vilivyopigwa jua, natabasamu peke yangu.

Jina la kisiwa silitaji. Kilitokea asubuhi, siku ya tatu baharini, kijani kibichi, na nyumba zake za rangi ya waridi na manjano zilikuwa kama nguo zilizoanikwa kilimani. Kwenye geti la bandari yake wanaume wanne walipiga mapipa ya chuma kwa vijiti vidogo, mlio laini ukatufuata hadi ufukweni. Kulikuwa na treni ndogo ya kuzungusha watoto, punda waliovishwa kofia, mashua yenye kioo chini ya kutazamia kasa wakila nyasi za baharini. Kulikuwa na bembea iliyosimikwa majini kabisa, ukipaa juu unaona upeo wa bahari, ukirudi chini mawimbi yanakulamba miguu. Wakubwa walipewa viti vya kulalia chini ya miavuli, sisi tukapewa madafu yenye mirija. Mama Mdogo alipoonja ndizi mbivu za kukaanga alisema, "Hii ni ndizi ya kwetu, kabisa!"

Na yale maji! Sisi watoto wa Buffalo hatukujua kwamba maji ya nje yanaweza kuwa vuguvugu. Nilielea chali, masikio yakiwa ndani ya maji, mapipa yakilia kwa mbali, jua likipenya kope. Sikumbuki kama nilisinzia. Nakumbuka tu kwamba sikutaka mtu aniite.

Lakini nimeruka jambo. Wenzetu walishuka melini na taulo na kamera, Mama akashuka na mfuko. Ndani yake mlikuwa na miche sita ya sabuni, kitenge kipya na pakiti mbili za sukari. Mjomba alimsihi auache. "Donc, muko naenda kwa batu mikono mitupu?" Mama akamuuliza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa. "Bon, mi siendi vile." Niliona aibu, nikatembea hatua kumi nyuma yake ili nisionekane ni wake.

Pale getini alikaa mwanamke mnene mwenye kilemba cha mirabamiraba, Bi Verna, aliyekuwa akisuka wageni kwa shanga. Kila abiria alimwambia maneno yaleyale: karibu mpenzi, hapa ni kwako, njoo nyumbani kwangu. Abiria wote walitabasamu wakapita. Mama peke yake alisimama, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kazini: nyumba iko wapi?

Bi Verna alimtazama, akautazama mfuko. Alipoiona sukari alicheka hadi shanga zikamponyoka, kwa sababu kisiwa kile kililimwa miwa tangu enzi za mababu zake. Halafu akafunga kibanda, akamshika Mama mkono, wakaondoka zao kwenye njia ya nyuma ya soko.

Meli ilikuwa iondoke saa kumi, na tulishaonywa kwamba asiyekuwepo anaachwa. Saa nane na nusu Mama hajarudi. Saa tisa Mama Mdogo akaanza kusali kwa sauti. Mjomba akanishika mkono, maana mimi ndiye niliyeona walikopita, tukapanda kilima mbio. Nilimwona Mama akilini amebaki gatini na mfuko wake, meli inaondoka, na mimi niliyemkimbia asubuhi sijamwomba radhi.

Tulimkuta uani, amevua viatu, amekaa kati ya magoti ya Bi Verna, anasukwa. Jikoni samaki walikuwa wakichemka.

"Mom, please! The ship!" nikalia.

Mama hakuinuka. "Bananipikia. Siwezi acha chakula ya batu ku moto. Safari, kaa, ukule."

Na Mjomba, mtu mzima mwenye saa mkononi, akakaa. Ndivyo tulivyo sisi: meli inapiga honi, tunanawa mikono. Samaki walikuwa na ndimu na pilipili, nikala huku machozi yakinitoka. Kisha Mama akaomba njia, yaani ruhusa ya kuondoka, kama inavyotakiwa, na Bi Verna, ambaye hakuna aliyemfundisha desturi yetu, akavaa ndala akatoka nasi. Hakuishia mlangoni. Aliteremka kilima chote akiwa amebeba mfuko wa Mama, ambao sasa ulijaa kashata za nazi, akamkaripia mlinzi aliyekuwa ameshaanza kuvuta mnyororo wa geti, akatupitisha. Alisimama palepale akitupungia kilemba chake mpaka meli ilipogeuka.

Mama alishika ukingo wa meli, shanga zikigongana kwa upepo, akalia. "Tangu tufike Amerika," alisema, "hakuna mutu alinisindikiza." Sikumwelewa. Majirani wetu walikuwa wema, walitupungia mikono kutoka barazani kwao.

Nimerudi kisiwani na wanangu. Siku hizi kuna mteremko wa maji mrefu kuliko kanisa, na bangili ya plastiki inayofungua kila mlango. Wanangu hawakufika hata sokoni. Walisema intaneti ilikuwa dhaifu. Nawacheka, ila nisiwacheke sana.

Mwezi uliopita Mama, ambaye sasa anaishi Kenmore, kando ya Buffalo, alikuja kwangu Columbus wiki mbili. Siku ya kuondoka nilikuwa na mkutano wa kazi kwenye kompyuta. Nikamwitia gari kwa simu, nikamkumbatia, nikarudi mezani. Katikati ya mkutano nilichungulia kigari kidogo kikitambaa kwenye ramani hadi stendi ya basi, nikajiona nimefanya la maana. Akapiga simu. "Nimefika, mama yangu," akaniambia mimi binti yake kwa upole, wala hakulalamika. Enzi zile mwanamke aliyemjua kwa saa chache tu aliteremka naye kilima kizima hadi getini. Mimi niliyetoka tumboni mwake nilimsindikiza kwa kidole.