Nafasi ya Hodan

Sauti ya lile debe bado ninayo masikioni. Du-du-pa, du-du-pa. Ekiru, kijana wa Kiturkana, alikuwa amelivisha debe la mafuta ya kupikia ngozi ya mbuzi, akaanza kulipiga nyuma ya darasa letu. Tulitoka mbio tukidhani ni lori la askari limeharibika. Kumbe ni ngoma, mwanangu. Siku hiyo ndiyo bendi ya shule yetu ilizaliwa, hapa hapa Isiolo, wakati wa vita vya Shifta, vya serikali na waasi wa Kisomali.

Ninyi mnaijua Isiolo ya bodaboda na hoteli. Yetu ilikuwa ya amri ya kutotoka nje. Jua likishuka, kila mtu kwao. Barabara ya Garba Tula haikupitika bila msafara wa askari. Ng'ombe wa babu yangu walichukuliwa, tukaja kukaa mtaa wa Kiwanjani na mbuzi wachache, nami nikatiwa shuleni kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuchunga. Sikusoma mbali, lakini nilikuwa na ndoto kubwa kuliko mwili wangu. Nilitaka kusimama mbele na kuimba, watu wote wanitazame mimi, Talaso.

Aliyesimama mbele ni Hodan. Alikuwa Msomali, rafiki yangu wa dawati moja, na sauti yake ilikuwa safi kama maji ya asubuhi. Mwalimu Mutwiri, Mmeru mwenye kucheka ovyo, alitutungia wimbo wenye ubeti wa kila lugha ya mji huu. Ubeti wa mwisho uliimbwa na Hodan peke yake, sisi wengine tukimshikia wimbo kwa sauti ya chini.

Shule ilikuwa pia na gazeti lake dogo, karatasi chache zilizopigwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Lilikuwa na ukurasa wa Kifaransa, kwa ajili ya mama mmoja Mzungu aliyetufundisha, na ukurasa wa Kiarabu. Huo wa Kiarabu aliuandika Hodan, maana mwandiko wake ulipendeza. Ustadh aliyemsimamia alikuwa amekwenda kwao Garba Tula, na barabara ikafungwa nyuma yake.

Basi asubuhi moja askari walipekua vitabu vyetu langoni. Mmoja akaishika ile karatasi, akaigeuza juu chini.

"Hii ni maandishi gani? Nani anaandikia nani?"

"Ni gazeti la shule, afande," Hodan akasema.

"Gazeti gani halisomeki?"

Ekiru, mdomo wake haukuwa na mlango, akadakia, "Afande, umelishika kichwa chini."

Alipigwa kofi moja. Karatasi zote za Kiarabu zikachukuliwa. Za Kifaransa hakuna aliyezigusa, ingawa hizo nazo hakuna askari aliyejua zinasema nini. Kesho yake mwalimu mkuu akamwita Hodan ofisini, akamwambia akae nyumbani kwao Bulla Pesa mpaka mambo yapoe. Mambo yalikuwa haya: wiki hiyo Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuwa anakuja shuleni, na msichana wa Kisomali hangefaa kusimama mbele. Kisha akaniita mimi.

"Talaso, ubeti wa mwisho utauimba wewe."

Sitakudanganya, mwanangu. Moyo uliruka. Nilimhurumia Hodan, ndiyo, lakini njia nzima ya kwenda nyumbani niliuimba ule ubeti, tena kwa madaha, na mbuzi wa watu wakanikimbia.

Nilimkuta Akko, bibi yangu, akisuka chombo cha maziwa, ingawa maziwa yenyewe hayakuwapo.

"Akko, wamenipa mimi niimbe mbele!"

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi nafasi imetoka wapi?"

Nikamweleza. Mikono yake haikuacha kusuka. Akanikumbusha visima vyetu virefu, vile ambavyo watu husimama kwenye ngazi kutoka chini hadi juu, wakirushiana ndoo za ngozi huku wakiimba ili ng'ombe wajue maji yanakuja.

"Pale kisimani," akasema, "mtu akivutwa nje ya ngazi kwa ugomvi, wenzake hufanya nini?"

"Hunyamaza."

"Mbona wasimweke mwingine upesi? Ng'ombe wana kiu."

Nilikuwa nimeyaona hayo utotoni nikafikiri ni uchovu tu.

"Wimbo ukikatika," akasema Akko, "wazee walioko mbali husikia, wakajua kisimani kuna neno, wakaja. Ukiziba nafasi, wimbo unaendelea, na hakuna anayekuja. Wewe una sauti nzuri, Talaso. Usiitumie kuwafanya watu wasisikie."

Nami sikula vizuri jioni ile.

Siku ya wageni ukumbi ulijaa. Bwana DC alikaa mbele, inspekta wa polisi kando yake, na wazee wa mji wakiwa na sheikh wa mtaa wa Wabera. Tuliimba vizuri sana. Ulipofika ubeti wa mwisho, Ekiru akapunguza debe, wote wakanigeukia. Nilibaki mahali pangu pa pembeni nikafunga mdomo. Wenzangu walianza kunong'ona, "Talaso, imba! Imba bwana!" Nikakataa kwa kichwa. Debe likalegea, likanyamaza.

"Mwalimu," DC akauliza, "wimbo umeisha?"

Mwalimu Mutwiri alinitazama, akaelewa nimekusudia, akasema polepole, "Haujaisha, bwana."

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama tayari. Nikasema kabla hajafika, "Nafasi hii ina mwenyewe, bwana. Anaitwa Hodan. Ametolewa kwa sababu ya ukurasa wa Kiarabu."

DC akamgeukia inspekta. "Ukurasa huo ulikuwa unasema nini?"

Inspekta akakohoa. Hakuna askari aliyekuwa ameusoma. Karatasi zilikuwa ndani ya gari lake. Ikaletwa moja, akapewa sheikh. Mzee akavaa miwani, akasoma kwanza kimya, mabega yakaanza kumtikisika.

"Soma, sheikh."

"Inasema, 'Maharagwe ya shule yetu yana mawe mengi kuliko barabara ya Marsabit. Tunaomba mwalimu mkuu ale nasi siku moja, ila alete meno ya akiba.'"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata inspekta aliinamisha kofia. Mwalimu mkuu peke yake hakucheka.

Usifikiri mambo yalinyooka saa ile. Hodan hakuimba siku hiyo. DC aliagiza karatasi zirudishwe na msichana aitwe, na Hodan akarudi wiki iliyofuata. Mimi nilipewa adhabu ya kuchota maji mpaka shule ilipofungwa, na nafasi ya mbele sikuipata kamwe. Hodan ndiye aliyenisaidia kubeba madebe.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Ukipewa nafasi nzuri, uliza mwenyewe yuko wapi. Ukisikia ametolewa kwa hofu tu, usikubali kuwa kizibo. Na maandishi usiyoyajua, tafuta wa kukusomea kabla hujayaogopa. Kukataa kwako kutatetemesha magoti. Kataa hivyo hivyo, yakitetemeka. Mungu akupe sauti, na akupe moyo wa kuinyamazisha inapobidi. Akupe marafiki wa kubeba nao maji. Nagaa, amani, ilale nawe na iamke nawe.

Siku ile, wageni walipokwisha kuondoka, nilirudi ukumbini peke yangu. Nikasimama pale pale pembeni, nikaimba ubeti wa mwisho kwa ile sauti yangu ya chini, ya kumshikia Hodan, kana kwamba amesimama mbele, mpaka mwisho.