Nyumba Niliyoinunua Mjane Akiwa Edani

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Nilimdhulumu mama wa watu ili nipate kwangu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora. Miaka tisa nilipanga chumba kwa Bi Mwanaidi na mumewe, watu wasiojaliwa mtoto. Kiwanja niliomba, nikaambiwa njoo kesho mpaka soli zikaisha. Nyumba mbili nilizozitamani wakanunua wengine. Halafu ikaja ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na kila siku uvumi: asiye na kwake mjini atapakiwa kwenye lori! Niliogopa, jamani.

Ndipo mume wa Bi Mwanaidi akafariki. Mama wa watu akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki wala haonani na wanaume. Mke wangu Zuhura ndiye aliyempelekea maji na chakula chumbani.

Hata mwezi wa pili haujaisha, mdogo wa marehemu akaniita kando. "Fundi, nyumba nauza. Nimeanza na wewe."

"Na shemeji yako je?"

"Huyo ni mtu wa Lusu. Akimaliza eda atarudi kwao."

Nilijua mjane ana fungu lake. Nimesoma chuo cha Kurani, mirathi naijua! Nilijua pia kuwa udongo wa kuta zile aliukanyaga kwa miguu yake, alikuwa akitusimulia. Lakini tamaa, ndugu yangu! Nikakubali.

Tukaenda kwa balozi wa nyumba kumi, na mashahidi wawili. Balozi hakumuuliza muuzaji, alinigeukia mimi. "Fundi, wewe unakaa naye nyumba moja, mkeo ndiye anayemhudumia. Mjane anasemaje?"

"Ameridhia," nikasema.

Mungu wangu! Sikuwa nimemuuliza. Ningemtuma Zuhura, jibu lingerudi kabla chai haijapoa. Sikumtuma kwa sababu jibu nililijua.

Zuhura naye nilimficha. Nikiwa nje nashona, namsikia ndani akimfariji yule mama: "Ukitoka, tutapaka chokaa ukuta wa mbele." Nilikuwa najichoma sindano hovyo.

Eda ikaisha. Bi Mwanaidi akaoga, akavaa, akatoka barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shemeji amenitumia mtu kunieleza kwamba nyumba sasa ni yako. Na kwamba mimi niliridhia. Nilimwambia nani?"

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. "Wallahi, mama, mimi sikutumwa kuuliza chochote," akasema, na machozi yakamtoka.

Bi Mwanaidi hakupiga kelele. Alifunga mkeka na sufuria zake, kaka yake akaja kumchukua. Zuhura alimsindikiza, kisha akapitiliza kwa mama yake huko Itetemia. Nilipomfuata alinijibu nikiwa bado uani: "Mtaa mzima unaamini mimi ndiye niliyeleta jibu lile. Nimemlisha yule mama kwa mikono yangu, wewe ukanifanya mwizi mwenzio!" Hajarudi mpaka leo.

Nilikwenda Lusu kumpa Bi Mwanaidi fungu lake. Alinikaribisha, akanipikia, lakini hela hakuzigusa. "Nenda kwanza kwa balozi," alisema. "Mwambie ulisema uongo, mwambie na mkeo hakuwamo. Ukimaliza hilo, njoo tuzungumze."

Ninyi mnaohangaika kutafuta nyumba ya kwanza, nawaelewa, dhiki yake naijua. Lakini msinunue mpaka mjane aseme mwenyewe, hata kama ni kwa kutumiwa mtu. Mkiambiwa ameridhia, ulizeni alimwambia nani!

Mimi leo nina vyumba sita, nalala kimoja. Nikisema ukweli, mauzo yatavunjwa na nyumba itaondoka. Balozi anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, kila asubuhi tunasalimiana, na bado sijamwambia.