Taa za tela langu zilivyokataa kuwaka, nikamsingizia mkwe

Hapana wakuu, si balbu. Najua ndilo mtakalouliza, ndiyo maana nimewahi kujibu. Balbu nilibadilisha mara mbili, fyuzi mara moja, na mkwe wangu nilikaribia kumbadilisha pia.

Asalaam aleikum nyote. Mimi mama mtu mzima, naishi Kismayu, mzaliwa wa kisiwa cha Ngumi. Shule sikuingia. Naiambia simu, nayo yaandika. Ikiandika upuuzi, nusu ni wake, nusu wangu. Haya yamenitokea mwenyewe, na pale pa aibu sikuparuka, ingawa nilitamani.

Nina tela la kuvutwa na pikapu. Kazi yake kubeba mashua za fiber, kutoka kwa mafundi hadi pwani. Tela laingizwa majini kinyumenyume, mashua yaelea, tela latoka tupu.

Mwenye kulivuta ni Athmani, mume wa binti yangu. Kazi nyingine hana. Wajukuu wangu watatu wala kwa tela hilo.

Mwezi uliopita taa za nyuma zikaanza vituko. Athmani akikanyaga breki, yawaka indiketa ya kushoto, tena kwa uvivu, kama mchu, ndiyo mtu kwetu, aliyeamshwa kwa nguvu. Akitia indiketa ya kulia, taa zote zapepesa pamoja. Akiwasha taa za usiku, kimya.

Lori nusura litupande mgongoni. Halafu askari wa njia ya bandarini akatusimamisha. Huyo huongea kama ana tende mdomoni, na kila mwanamke kwake ni eedo, shangazi. Akaniambia eedo, leo nakusamehe, ukirudi hivi tela litalala hapa kwangu.

Basi nikarudi nyumbani na hasira, nikatafuta wa kumlaumu. Athmani alikuwa karibu.

Nikasema ni yeye. Analizamisha tela mpaka shingoni kama analiogesha, maji ya chumvi yameingia kwenye taa. Nikasema mbele ya majirani, na sauti ninayo, hata waliolala walisikia: taa zisipowaka kufikia Ijumaa, funguo nampa mpwa wangu.

Athmani kijana wa adabu. Kwetu mkwe hajibizani na mama wa mkewe, hata nikisema jua ni la kijani. Akainamisha kichwa, akanijibu kwa ile sauti yake ya kuomba maji: "Naam mama. Labda tumwite fundi."

Fundi wa nini, na mimi nipo.

Tukaanza kupima. Athmani ndani ya pikapu, mimi nyuma ya tela na buibui langu, nikipiga kelele breki, kushoto, kulia, breki tena. Wapita njia wakadhani namfundisha kuendesha. Kuna aliyesimama akaniuliza nachukua kiasi gani kwa somo.

Jirani yetu Mzee Kombo akaja na kiti chake. Kombo alifanya kazi melini zamani, na hajateremka mpaka leo. Hawezi kusema neno bila kuanza na "nilipokuwa melini". Akasema nilipokuwa melini, taa zikifanya hivi, twabadilisha balbu. Tukabadilisha. Vilevile. Akasema nilipokuwa melini, ikishindikana balbu, ni fyuzi. Tukabadilisha. Vilevile. Akasema nilipokuwa melini kulikuwa na mtu wa umeme, akabeba kiti akaenda zake.

Sasa wakuu, hapa nipumue kidogo, maana kuna jambo nilikuwa nalijua mimi na Athmani tu.

Siku mbili kabla ya taa kuanza vituko, niliona vyuma vya tela vinashika kutu. Mimi nimekulia kwenye mashua. Kwetu chombo kikiliwa na maji chapakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa, na nyufa zazibwa pamba. Sijui dawa nyingine. Nikachukua mkebe wangu wa sifa, nikaichanganya na shahamu ishike vizuri, nikakaa chini ya tela nikapaka bolti moja moja.

Nikakuta waya mweusi umefungwa kwa bolti kwenye chuma cha tela. Haukwenda kwenye taa, haukwenda popote, umefungwa tu pale. Nikasema huu umewekwa na mvivu, ulizidi akakosa pa kuuweka. Nikaufungua, nikapaka bolti, nikapaka chuma, nikapaka na kichwa cha waya, nikaurudisha. Nikaziba na matundu ya taa kwa pamba.

Athmani alisimama akinitazama. Akasema mama, huo waya labda una kazi. Nikamuuliza kwani wewe umezaa tela ngapi.

Na taa zilipoharibika, mimi nikafanya nini? Nikaongeza sifa. Hata asubuhi ya Alhamisi, kabla fundi hajafika, niliamka nikapaka mkono wa pili, nikaufungua tena ule waya nikaupaka mpaka ukang'aa.

Ndiyo, fundi. Binti yangu alimwita bila kuniuliza. Fundi Abdi, wa umeme wa magari, mchu mfupi wa maneno, kila sentensi aikata kama anailipia.

Alikuja na kitaa chake kidogo cha kupimia, chenye waya wa koleo. Akabana koleo kwenye betri ya pikapu, akagusa nyaya za tela: kitaa chawaka. Akahamisha koleo kwenye chuma cha tela, akagusa palepale: giza. Akasema umeme unakuja, njia ya kurudi hakuna. Eathi imekufa.

Athmani akalala chini kando yake, akamshikilia nyaya. Abdi akafungua ile bolti ya waya mweusi, akakwangua kwa kisu. Likatoka donge. Akalinusa, uso wake ukageuka.

Akauliza nani amepaka hivi.

Mimi nilikuwa pale na birika la chai. Majirani wote pale. Kombo na kiti chake pale. Na kesho Ijumaa.

Wallahi mdomo wangu huu, unaoiga kila mchu mji mzima, ukauliza nani ataka sukari.

Athmani akasema, "Ni mimi."

Nami nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Nilitikisa kichwa kama mama mvumilivu aliyechoshwa na mkwe.

Abdi akafuta kwa petroli, akapiga msasa chuma kikawa cheupe, akafunga waya. Breki, zikawaka mbili. Kulia, ikapepesa moja, ile inayotakiwa.

Somo nawapa hapa, kwa sababu nikifika mwisho sitakuwa na uso wa kufundisha. Taa za tela zikiwaka ovyo zote pamoja, anza na waya wa eathi, kwangua chuma mpaka king'ae, mafuta yakae mbali. Mashua dawa yake, gari dawa yake. Na funguo bado anazo Athmani, na kinyumenyume sasa aingia majini anavyotaka yeye, mimi nipo nyumbani. Waliowahi kumsingizia mkwe waandike hapa chini, nisiwe peke yangu.

Maana nilipommiminia Abdi chai na kumpa kikombe kwa mkono wangu, hakunywa. Alikishika karibu na pua, akamtazama Athmani, akanitazama mimi, akasema mbele ya wote:

"Eedo, huyu amenishikia waya usoni saa nzima, hanuki kitu. Kikombe chako ndicho chanuka papa."